Siku Tuliyoitana kwa Namba

Baba, shikamoo.

Najua huitikii tena, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtu haanzi maneno bila salamu, kwa hiyo nimekuamkia hapa ofisini kwa walimu, peke yangu, kwa sauti. Ni Jumapili mchana na shule iko tupu. Nimekuja kuandikia hapa kwa sababu nyumbani watoto wangeniuliza naandika nini. Kesho saa tatu asubuhi mkuu wa shule ameitisha kikao cha wazazi, na mimi ndiye chanzo chake. Naogopa, Baba.

Unakumbuka mwaka ule uliponifundisha historia? Nyumbani nilikuita Baba, darasani nilikuita Mwalimu, na nilipokosea ulinichapa kuliko wenzangu ili wasiseme unanipendelea. Hilo bado sijakusamehe. Ulikuwa unachora ziwa ubaoni kwa mstari mmoja bila kuinua chaki, kutoka Burundi mpaka Zambia, kisha unatia nukta na kusema, "Hapa ndipo mlipo ninyi, wavivu wangu." Darasa lilikuwa linavunjika mbavu.

Lakini kila mwaka kulikuwa na siku moja ambayo hukumchekesha mtu. Siku ya somo la biashara ya watumwa uliingia umenuna, ukafungua daftari la mahudhurio na kusema, "Leo tunaitana kwa namba." Namba moja, yupo. Namba mbili, yupo. Mimi nilikuwa namba kumi na tisa. Hukutaja jina la mtu wala kumuuliza mtu swali. Ulisoma kitabu chako cha Kiingereza, misafara, pembe, Bagamoyo, mpaka kengele ikalia, ukatoka kabla yetu. Jioni nilikuuliza kwa nini namba. Ukasema, "Ujiji hii, mwanangu, kila jina lina nyumba yake, na kila nyumba ina mambo yake." Nikaona ni woga wa watu wazima, nikajiambia mimi nikiwa mwalimu sitafanya hivyo.

Basi nikawa mwalimu, na kweli sikufanya hivyo. Siku hizi historia ya nchi tunaifundisha kwa Kiswahili. Nilishangilia sana, sikujua kwamba Kiingereza kilikuwa kinatusitiri. Zamani mtoto alikariri neno la kigeni, akapata alama zake, akaenda kucheza mpira. Ukisema "mtumwa" mbele ya watoto wa Ujiji, darasa zima linanyamaza. Mimi nikadhani ule ukimya ni usikivu. Nikawapa kazi ya nyumbani: kaulize kwenu, sisi tulifikaje hapa? Jumanne nikawaita mbele mmoja mmoja wasome, na niliwaita kwa majina matatu, jina lake, la baba na la babu. Nilijiona mwalimu hodari kweli.

Mwajuma alikuwa wa saba. Ni mtoto mpole, anakaa dawati moja na Zuhura, daftari zao wanazijalidi kwa gazeti moja. Alisoma hivi: "Bibi wa bibi yangu aliletwa kwa mtumbwi kutoka ng'ambo, Kongo, akiwa mdogo. Alinunuliwa akawekwa katika nyumba yenye kisima uani. Alichota maji ya kisima hicho mpaka alipokuwa mtu mzima, na hakumwona mama yake tena." Alisoma vizuri, bila kulia. Alipokaa, darasa zima lilikuwa limemgeukia Zuhura.

Unajua kwa nini. Nyumba yenye kisima uani iko moja tu mtaa ule, na anayeishi humo sasa ni Zuhura na wazazi wake. Mwajuma mwenyewe hakuwa amelifikiria hilo, alikuwa ameandika tu alichoambiwa. Nilimwona anamtazama rafiki yake, halafu taratibu akasogeza daftari lake upande wa pili wa dawati. Nikasema, "Ahsante Mwajuma, anayefuata." Hilo tu, Baba. Miaka kumi na mitatu ya kufundisha, na nilichoweza kusema ni "anayefuata".

Jumatano Zuhura hakuja. Alhamisi alikuja mama yake, na kanga ya kichwani hata hakuifunga sawasawa. Mkuu wa shule akaniita. Yeye ni mtu wa kuja, kahamishiwa kwetu kutoka Iringa, ana miaka miwili hapa na bado anashangaa mambo yetu.

"Mwalimu," mama Zuhura alisema, "mwanangu wanamwita mtoto wa wauza watu. Njiani, dukani, mpaka madrasa. Sisi nyumba ile tulinunua. Baba mkwe wangu alitoka Kasulu na magunia yake ya maharage, akanunua. Tumekosa nini?"

"Mlinunua kwa nani?" mkuu wa shule akauliza.

"Marehemu ndiye aliyejua. Mume wangu alikuwa mtoto, na karatasi mchwa walishazila."

Mkuu wa shule akanigeukia. "Mwalimu, wewe ni mzaliwa wa hapa. Unajua waliouza ni akina nani?"

Nikasema sijui.

Baba, nilisema sijui. Nilikuwa nimeshika chaki mkononi na nakumbuka niliibana mpaka ikakatika. Mama Zuhura alinitazama kama mtu anayengoja kitu, kisha akaaga na kuondoka.

Karatasi yetu ya mauziano mchwa hawakuila. Iko kwenye sanduku lako la bati, chini ya vyeti vyako, na sahihi yako ni ileile uliyokuwa ukiitia kwenye ripoti zetu. Uliiuza nyumba ile nikiwa sijaanza shule, tukahamia Katubuka. Nilikuwa sijui lolote mpaka ile wiki ya mwisho wako, uliponiomba nikupeleke Bangwe ukalione ziwa. Tulikaa karibu na kina mama wanaoanika dagaa. Ulikuwa umekonda, koti lako limekuwa la mtu mwingine. Nilikununulia samaki, mgebuka wa kukaanga, hukuugusa. Ukasema, "Babu yangu alinunua watu. Aliwaweka nyumba ya kisima. Ndiyo maana niliiuza, na ndiyo maana sikuweza kuwaita watoto wale kwa majina. Ningemwitaje mjukuu wa mtu, naye aniitikie 'nipo, mwalimu'?" Halafu ukaniambia nisimwambie mtu. Nikaitika, kwa sababu ulikuwa unaumwa, na kwa sababu kulikuwa na jua zuri na sikutaka kuliharibu. Nikaizika siri ile pamoja nawe, hata nilipowapa watoto kazi ya nyumbani haikunijia kwamba ingerudi kwetu.

Miaka yote hii nilidhani namba zile ziliwasitiri wanafunzi wako. Ziliwasitiri kweli, lakini namba kumi na tisa nayo ilisitiriwa.

Juzi nilimpigia kaka. Akasema, "Dada, unataka kutuvua nguo mjini? Mimi nina watoto wa kuoza. Waache hao watu wa Kasulu, watapoa tu, mambo haya hupita." Hayo ndiyo niliyokuwa nimeshajiambia mwenyewe. Watapoa. Zuhura atahamishwa shule, mwakani kutakuwa na watoto wengine, na mimi nitaendelea kuamkiwa njiani na nusu ya mji. Naogopa kuipoteza salamu ile. Naogopa bibi yake Mwajuma, ambaye atakuwa amekaa mstari wa mbele kesho, na ambaye amekuwa akiniletea mawese kila nikimfundisha mjukuu mmoja baada ya mwingine. Nitamtazama na uso gani?

Jana asubuhi nilikwenda nyumba ya kisima. Nilijidanganya kwamba namjulia hali mwanafunzi. Mama yake alikuwa sokoni. Zuhura alifungua mlango, akapiga goti, "Shikamoo mwalimu," akanipisha hadi uani. Sikuwa nimewahi kukiona kisima kile kwa akili ya mtu mzima. Mdomo wake umeliwa na kamba, mifereji myembamba pande zote, iliyochimbwa na mikono ya watu niliowasoma darasani na wengine ambao hakuna aliyewaandika. Nilipitisha kidole kwenye mfereji mmoja, nikakiondoa upesi.

Zuhura alichota maji. Akayamimina kwenye kikombe cha bati, akanipa kwa mikono miwili. Mtoto wa miaka kumi na minne, macho yamevimba. Nikanywa, ningekataaje? Kisha akasema, "Mwalimu, naomba unisamehe. Nimekuletea matatizo na mkuu wa shule. Na umwambie Mwajuma, sisi hatukujua. Kama ni sisi, tunamwomba radhi."

Aliniomba msamaha, Baba. Katika ua wa babu yako, baada ya kuinama na kuvuta ndoo kama walivyofanya wale watu, mtoto wa watu aliniomba mimi msamaha kwa ajili yetu. Nilirudisha kikombe, nikaondoka.

Nilikuahidi kule Bangwe kwamba sitamwambia mtu, na naandika barua hii ili wewe uwe wa kwanza kujua kwamba ahadi hiyo naivunja. Usinikasirikie. Au nikasirikie, lakini unisikilize. Karatasi yako iko hapa mezani, nimeitia kwenye bahasha, nimeitoa, nimeitia tena. Sijui nitafikaje mbele ya wale watu. Bibi yake Mwajuma anaweza kuinuka akatoka. Anaweza pia kunitazama tu, na hilo ndilo ninaloliogopa zaidi.

Kesho nitaingia kikaoni na daftari la mahudhurio. Sitaita namba. Nitaita majina matatu matatu, la mtu, la baba na la babu, na nitaanza na la kwangu.

Upumzike, Baba, nikipona kesho nitakuja kaburini kukusimulia.

Mimi binti yako,
aliyekuwa namba kumi na tisa.