Dada Anasoma Kimya, Kisha Ananiambia "Anakusalimia Tu"

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na barua hii nimemwandikisha mwenzangu wa kazini kwa sababu dada yangu hajui. Mimi sioni tangu utotoni, kazi yangu ni kukanda misuli ya wagonjwa kliniki, na simu yangu ya vibonye ilipokufa dada alinipeleka kununua simu janja, muuzaji akamuuliza yeye, "Ataweza kuitumia?" nikamjibu, "Ataweza, muulize mwenyewe," lakini wakaendelea kusifu kamera mpaka nikanunuliwa kamera. Dada akasema habari za simu kuongea ni makelele, yeye atakuwa macho yangu, basi ujumbe ukiingia anausoma kimya, anacheka, halafu ananiambia, "Fundi mwashi anakusalimia tu," yule tunayefahamiana naye, nami namwambia mrudishie salamu. Juzi fundi akaja kliniki kukandwa bega, bega lenyewe halina tatizo lolote, akaniambia kwa upole, "Nilikuuliza kama wazazi wangu waje kwenu kuzungumza, ukanijibu, 'Salama, na wewe?'" Nilipomuuliza dada akasema alikuwa ananikinga, na nikibadilisha simu atajua simwamini, sasa mshauri, nichukue simu gani, na dada nimfanyeje, maana ndiye aliyenilea.

Mkandaji

Mkandaji, pole mwanangu. Lakini mpaka mtu analeta posa anajibiwa salamu, ndipo unashtuka? Dada anakupenda, sikatai. Anakupenda na anakusomea nusu.

Usinunue kitu bado. Simu janja nyingi zina kisoma skrini ndani yake, sauti inayokusomea kilichoandikwa, huenda hata hiyo kamera yako. Mwombe mwenzako wa kazini akiwashe. Kikikwamakwama, nenda dukani na mtu asiyeona ambaye tayari anatumia simu yake, siyo na dada. Ishike mwenyewe. Sikiliza inavyosoma Kiswahili, maana nyingine huitamka lugha yetu kama mgeni aliyeshuka jana. Pokea simu, kata, andika ujumbe, ufute, yote kabla hujalipa. Muuzaji akimuuliza uliyekwenda naye badala yako, ondokeni. Na chukua spika za masikioni, wagonjwa hawakuja kusikiliza mambo ya fundi.

Fundi naye asisubiri simu. Mjibu kwa mdomo wako, ndiyo au hapana, hilo sikuamulii. Dada kama ana analolijua juu yake, akwambie wewe, asijibu kwa niaba yako. Kisha mwambie bila hasira: "Nguo nichagulie, dada. Mwanamume nitamjibu mwenyewe."

Atanuna. Mwache anune, akichoka ataongea.