Kwa Baba, Aliyesimama Bomani Kumsemea Bi Mwanaidi

Baba,

Shikamoo. Mkono umeliandika neno hilo wenyewe, kabla sijakumbuka kwamba hakuna tena wa kuniitikia marahaba. Mwaka mzima sijakuandikia. Kila niliposhika kalamu niliona hasira ndiyo inayotaka kuandika, na wewe hukupenda karatasi iandikwe kwa hasira. Leo naandika nayo hivyo hivyo.

Nianze na Salumu, maana ndiye aliyenijaa kifuani. Bado ni karani bomani. Bado ndiye anayegeuza Kiluguru kuwa Kiswahili mbele ya Mzungu anayesikiliza mashauri. Amejenga Mwembesongo, nyumba ya bati, na watu wakipita wanamwita Bwana Karani. Siku ya maziko yako alikuja akabeba jeneza, Baba. Aliliweka begani akalia kwa sauti, watu wakasema tazameni mwanafunzi anavyomlilia mwalimu wake. Mimi nilikuwa ndani na wanawake, nimeuma pindo la kanga.

Miaka sita alikula nyumbani kwetu hapa Bigwa. Ulimfundisha uwakili kama ulivyonifundisha mimi, ingawa ulijua mimi sitaruhusiwa kusimama barazani. Unakumbuka kesi ya mbuzi? Tukishakula unatukalisha ukumbini unatunga shauri: mbuzi wa fulani amekula mtama wa fulani. Salumu amsemee mwenye mbuzi, mimi nimsemee mwenye mtama. Tukianza kupamba moto unasema, "Haya, badilishaneni." Mara ya kwanza nililia. Nilisema siwezi kumsemea mwenye mbuzi kwa sababu ana makosa. Ukacheka, ukaniambia, "Mwanangu, kama huwezi kuyasema maneno ya mwenzako vizuri kuliko yeye, basi hujamsikia." Salumu hakulia. Alibadili upande kama anayebadili kanzu, na sisi tukamsifu. Tulimsifu sana, Baba.

Sasa nataka niliandike shauri la Bi Mwanaidi kama lilivyokuwa, kwa sababu kitabu cha boma kimeliandika vingine.

Bi Mwanaidi, jirani yetu, alikuwa analima shamba la lukolo lake, la ukoo wa mama yake. Mama yake amezikwa pale, na bibi yake pia. Mumewe aliliona shamba hilo siku alipokuja kuoa. Kila mtoto wa Uluguru anajua kwamba mume hulima shamba la mkewe, lakini hana ruhusa ya kumpa mtu. Yule bwana akampa akida, mkubwa wa serikali hapa kwetu. Aliweka alama yake kwenye karatasi, na akida akaleta watu wa kupanda miti ya mpira. Bi Mwanaidi akaja kwako akilia. Ulimwacha aseme mpaka akaanza kurudia, ndipo ukauliza swali lako la kwanza. Ndivyo ulivyofanya kwa kila mtu.

Ukaenda naye bomani. Bi Mwanaidi alikuwa hakijui Kiswahili, akasema kwa Kiluguru: shamba ni la mama zangu, mume wangu alilikuta, hana chake hapa. Salumu akasimama, akamwambia Mzungu kwa Kiswahili safi, "Anasema shamba ni la mumewe, yeye hana chake hapa."

Waliokuwapo wananiambia hukupaza sauti. Ulisema, "Bwana Mkubwa, huyu mama hakusema hivyo. Muulize tena, kwa mdomo wa mtu mwingine." Mzungu akamgeukia Salumu. Salumu akasema huyu mzee kazi yake ni kuwachochea watu wa milimani wasiitii serikali. Salumu yule yule. Basi. Bi Mwanaidi akafukuzwa, na wewe ukapewa mwezi wa mnyororo.

Nilikuja kukuona mnafyeka majani karibu na stesheni, wanaume wanane mmefungwa shingoni kwa mnyororo mmoja. Nilikuletea uji. Uliponiona ulinigeuzia mgongo nisiuone uso wako, na ulipogeuka wewe wakayumba wote. Nikauweka uji chini nikaenda zangu. Nilidhani ndivyo ulivyotaka. Hadi leo sijui kama ulikunywa.

Ulirudi na kikohozi. Siku tisa tu, tukakuzika.

Baada ya arobaini Salumu alikuja hapa. Alikaa kwenye kile kigoda chake cha zamani bila kukaribishwa. Akasema, "Dada Tatu, akida aliniapia kwamba nisipomsaidia ataniondoa kazini. Niliogopa." Nikamwambia akaseme hivyo mbele ya Mzungu. Kisha akauliza, Baba, kama anaweza kupewa zile karatasi zako ulizoandikia mila za koo, zingemfaa kazini. Nilimfungulia mlango atoke.

Kisha Mzungu yule akahamishwa. Akaja mwingine, na sokoni wakasema huyu humsikiliza mwenyewe kila ajuaye Kiswahili, hamtegemei karani. Nilikaa siku mbili nafikiri ungefanya nini. Siku ya tatu nikavuka kwenda kwa Bi Mwanaidi, nikamwambia nitamfundisha kulisema shauri lake kwa Kiswahili, yeye mwenyewe, asimhitaji mtu wa kumgeuzia.

Hukuniambia jinsi kazi hii inavyochosha. Alisahau kila kitu kila siku. Alisema "shamba ya mama" nikamrekebisha, akasema tena "shamba ya mama", nikaacha. Nilijifanya akida, nikamkaripia: karatasi hii hapa, mumeo ameweka alama, unasema nini? Akasahau hata jina lake. Siku moja alinitupia mchi, akasema mimi ni mkatili kama wao. Labda. Nilimsemea akida vizuri kuliko akida mwenyewe. Lakini ilifika asubuhi nikamkaripia, naye akanitazama machoni, akajibu lote bila kusita. Nikatoka nje nikajifanya natafuta kuni.

Tulikwenda bomani pamoja. Askari akaniuliza mimi nani, nikasema jirani, akaniambia jirani abaki nje. Nikasimama chini ya dirisha. Nikamsikia Salumu akijitokeza ageuze maneno, kisha nikamsikia Bi Mwanaidi: "Sitaki mdomo wake. Nina wangu."

Sikumfundisha hilo.

Akasema. Shamba ya mama, shamba ya bibi, makaburi yapo, mume alikuta. Mzungu akamuuliza maswali, akajibu. Akida akatoa karatasi, akaijibu na hiyo. Nilikuwa nimeshika ukuta wa boma kwa mikono miwili.

Ningependa kukuandikia kwamba tulishinda. Mzungu alisema karatasi ina alama ya mume na miti imeshapandwa, hawezi kuing'oa. Bi Mwanaidi amerudishiwa makaburi na kipande kile kidogo cha kuteremkia mtoni. Shamba limebaki kwa akida. Mzungu alimsikiliza vizuri, akamwelewa vizuri, halafu akampa haki kidogo ya kuzikia watu. Hilo nalo hukunifundisha, kwamba mtu anaweza kusikiwa kila neno na bado akanyimwa.

Kisha Bi Mwanaidi akauliza, "Na yule mzee aliyefungwa kwa ajili yangu?" Nikasikia kurasa zikifunuliwa. Mzungu akasema imeandikwa kwamba mzee huyo alikuwa mchochezi, na kilichoandikwa kwenye kitabu cha serikali hakifutwi. Aliyekiandika alikuwa pale pale kando yake, ameshika kalamu. Nilingoja. Nilimpa Salumu muda wote aliouhitaji aseme neno moja. Nilisikia kalamu yake ikikwaruza tu.

Bi Mwanaidi alipotoka hakulia. Aliniuliza kama maneno yake yalinyooka. Nikamwambia yalinyooka. Tukarudi Bigwa, na tangu siku ile analima kile kipande kando ya makaburi, mahindi yamemfika magotini.

Wameanza kuja wengine. Jana alikuja mwanamke kutoka mlimani, shauri lake karibu sawa na hili, akaniita Wakili. Nilimwambia mimi si wakili, hakuna mwanamke wakili. Akakaa chini akaanza kueleza. Nikamwacha aseme mpaka akaanza kurudia.

Kwaheri, Baba. Mungu akulaze mahali pasipo na karani wa kusimama katikati, unaposikiwa kama ulivyosema. Najua ungetaka nikuahidi kwamba nitamsamehe Salumu. Hilo siliahidi. Nakuahidi kwamba mwanamke atakayepita mlangoni kwangu hataingia bomani mpaka maneno yake yawe mdomoni mwake mwenyewe. Na Salumu, siku atakayosimama mbele ya baraza akasema alichokufanyia, nitamwitikia salamu yake. Kabla ya hapo, hapana.

Mwanao,
Tatu