Bibi, Nimemsuka Mbuzi

Bibi yangu,

Nimefanya jambo la aibu mbele ya umati wa watu. Nimelifikiria sana, na nimeona kosa ni lako. Usinune kwanza. Nitaeleza kwa utaratibu, kama ulivyonifundisha kuandika barua: kwanza habari za nyumbani, halafu shida.

Nyumbani hatujambo. Babu, mume wetu kama ulivyozoea kunitania, ameacha sukari kwenye chai. Miaka yote ulimkataza, naye akawa anaiba vijiko ukigeuka. Sasa hakuna wa kumkataza, anasema haina utamu. Saluni iko palepale mtaani La Rochelle, karibu na robot, zile taa za barabarani, na wateja bado wanakuulizia. Mama anawasuka upesi upesi, bila zile hadithi zako. Juzi mteja mgeni alikalia kiti chako. Watu wote walimkodolea macho mpaka akainuka mwenyewe na kuomba radhi, maskini, bila kujua amekosa nini.

Sasa shida. Unaikumbuka ile klabu ya kilimo ya shuleni, ya Mwalimu Nomvula, inayotupeleka Jumamosi kwenye kishamba kusini mwa jiji kujifunza kuwatunza mbuzi. Ulipokuwepo, wewe na Mama mliwatosha wateja wa Jumamosi, nami nikaenda. Ulipoondoka, Mama aliniambia, "Zuhura, mimi si pweza. Mikono ni hii miwili." Nikakosa kwenda wiki tano. Kisha ukaja mwaliko wa maonyesho ya kilimo kwenye mji mmoja wa wakulima, mwendo wa saa mbili kwa basi, ambako watoto wa shule hushindana kuongoza mifugo mbele ya jaji. Niliomba siku tatu. Mwishowe Mama akasema, "Nenda. Ukirudi na utepe, endelea na mbuzi wako. Ukirudi mikono mitupu, Jumamosi zote ni za saluni, na sitaki machozi."

Nilisema ndiyo kwa sauti ndogo. Unajua ninavyotaka kuwa daktari wa mifugo. Nilikuambia wewe peke yako.

Bibi, ungeyapenda maonyesho yale! Nilimwona fahali akioshwa kwa shampuu. Baada ya hapo akakaushwa kwa mashine inayounguruma kuliko draya zetu zote mbili, na mwanamke mmoja akamchana mkia mpaka ukatanuka kama fagio jipya. Fahali alifumba macho kama bibi harusi. Nikajisemea, kumbe nimetoka saluni nimeingia saluni.

Watoto wa mashambani walivaa makoti meupe yaliyopigwa pasi, na mbuzi wao waliwafuata kama wamepigwa pasi pia. Mimi nilipewa Malume. Malume ni mjomba kwa Kizulu, na ameitwa hivyo kwa sababu ya ndevu zake, ndefu kuliko za Babu. Mwalimu Nomvula alituonya: "Mkono kwenye kamba, macho kwa jaji, msibembeleze."

Tulipofika kwenye lango la uwanja, Malume alilala. Alikunja miguu, akatulia katikati ya njia kama aliyelipia kitanda. Nyuma yangu walikuwepo watoto sita na mbuzi sita. Nilivuta kamba. Malume alipiga mwayo. Ndipo mzee mmoja aliyesimamia lango akanipigia kelele, "Suka, ntombazane! Suka!"

Bibi, mimi Kizulu nakijua. Darasani napata alama nzuri. Najua kabisa kwamba ntombazane ni msichana, na kwamba "suka" kwao ni ondoka, pisha njia. Lakini nilikuwa nimebabaika, na mtu akibabaika anasikia lugha ya kwao. Tangu nina miaka sita ni nani aliyekuwa akinipigia kelele "Suka! Mbona umeduwaa? Suka!" kila Jumamosi? Ni wewe. Mikono yangu haikuniuliza. Nilipiga magoti, nikazishika ndevu za Malume, nikazigawa mafungu matatu, nikaanza.

Mzee akauliza ninafanya nini. Nikamjibu kwa adabu, "Nasuka, babu."

Kwa sikio la Kizulu hilo ni kama kusema naondoka. Akasema, "Sasa unaondoka, mbona umepiga magoti?"

"Nasuka!"

"Ondoka basi!"

"Si ndiyo nasuka!"

Watu kwenye uzio walikuwa wamelaliana kwa kicheko. Mama mmoja alisema, "Eish, mwacheni, mbuzi ana harusi leo." Na Malume, nakuapia, aliposikia vidole vyangu kidevuni aliinuka. Nilimaliza ncha nikiwa nimechuchumaa, akaingia uwanjani nyuma yangu kwa maringo, msuko umening'inia, hakusumbua tena hata kidogo. Jaji alimpapasa mgongo, akamtazama meno, akaniuliza umri wake na chakula chake, nikajibu yote. Kisha akazishika zile ndevu, akasema taratibu, "Sheria hazisemi lolote kuhusu kusuka. Ila zinasema usiwacheleweshe wenzako."

Nikawa wa saba. Tulikuwa saba.

Nilikwenda nyuma ya banda la kondoo nikalia, kwa kuwa Mama alikataza machozi nyumbani tu. Nilikuwa nazihesabu Jumamosi zote za maisha yangu alipotokea msichana mwenye kofia ya kuendeshea farasi, anahema. Akaniuliza, "Wewe ndiye msusi wa mbuzi?" Shangazi yake, anayemsuka farasi wake kila mwaka, alikuwa amekwama njiani. Kumbe farasi wa maonyesho husukwa singa, zile nywele za shingoni!

Nikapanda juu ya ndoo. Sikujua mitindo yao, nikatumia wa kwanza ulionifundisha: twende kilioni, ule wa haraka. Ndio Mama alionisuka asubuhi ya mazishi yako, vidole vyake vikiwa baridi. Nilimkumbuka na nikaendelea kusuka. Yule msichana akaniuliza mtindo unaitwaje, nikamfasiria. Akashtuka, "Tunakwenda msibani?" Nikamwambia asijali, kwetu hata msibani watu huenda wamechana.

Farasi akapata nafasi ya pili. Msichana akaufungua utepe mwekundu kwenye hatamu, akanipa. "Huu ni wa nywele," alisema.

Njia nzima ndani ya basi niliushika nikiwaza kama ni wangu. Ningeweza kumwonyesha Mama nikanyamaza. Lakini wewe ulisema uongo ni kama rasta za bei rahisi, hufumuka mbele za watu. Kwa hiyo nilipoingia saluni, imejaa wateja, niliuweka mezani nikasema yote, kuanzia suka mpaka wa saba mpaka farasi.

Mama aliugeuza utepe huku na huku. Wateja walikuwa wanajiziba midomo kwa kanga.

"Kwa hiyo leo kutwa ulikuwa unasuka," akasema.

"Ndiyo, Mama. Mbuzi kwanza, halafu farasi."

"Farasi alikaa vizuri?"

"Alisimama, Mama."

Akafikiri. Kisha akasema, "Basi ulikuwa kazini. Mtu aliyekuwa kazini siwezi kumwadhibu kwa utoro. Jumamosi nenda kwa mbuzi wako. Na huyo mwenye farasi, mpe namba ya saluni."

Wateja wakapiga vigelegele, Bibi. Mmoja alikuwa amesukwa upande mmoja tu, akasimama akacheza hivyo hivyo. Mama alijifanya anatafuta kitana chini ya meza, na alikaa huko chini muda mrefu. Alipoinuka macho yalikuwa mekundu, na alianza kuwasimulia wateja ile hadithi yako ya siku ulipomsuka kwa makosa bibi harusi wa watu wengine. Alisimulia mpaka mwisho.

Nakuacha upumzike. Babu anakusalimu, anasema hataki kuharakishwa kukufuata. Nakuahidi nitasoma kwa bidii, Bibi, na siku nitakapokuwa daktari wa mifugo, kila mgonjwa wangu atatoka amepona na amechanwa.

Mjukuu wako,
Zuhura