Mfuko Haukumbuki

3 Machi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. U hali gani, na mgongo je? Mimi mzima, ila nina wasiwasi. Wiki ijayo mkaguzi anakuja kukaa nyuma ya darasa langu la saba. Akiridhika, nathibitishwa kazini. Asiporidhika, niwekee kiti changu pale dirishani kwenye duka lako la ushonaji, nirudi kukushonea mapindo.

Na somo lenyewe ni uwezekano! Kwa hawa watoto kila kitu ni bahati. Jana nilirusha sarafu, ikaangukia upande wa picha mara nne mfululizo. Darasa zima likapiga kelele, "Sasa ni zamu ya namba!" Nikawaambia sarafu haikumbuki ilivyoanguka. Binti mmoja tunayemwita Mbishi akanijibu, "Sarafu haikumbuki, Mwalimu, lakini bahati inakumbuka."

Naomba vifungo, nusu vyekundu, nusu vyeupe. Nitavitia mfukoni wavichomoe bila kuchungulia, waone wenyewe kwamba rangi zote zina nafasi sawa.

Mwanao

7 Machi

Mwanangu kipenzi,

Marahaba. Mgongo unauma, ila mdomo mzima, kama unavyosikia. Vifungo hivyo hapo, ishirini kwa ishirini. Vyekundu ni vya makoti, vyeupe vya mashati, ndivyo nilivyokuwa navyo.

Kiti chako kipo, nimekifuta vumbi, lakini sitaki ukikalie. Hesabu ulikuwa ukizililia papo hapo kwenye kiti hicho, leo unazifundisha! Mkaguzi naye ni mtu, hali watu. Simama wima, na kucha usitafune.

Mama yako

15 Machi

Mama,

Shikamoo! Habari za mgongo utanipa baadaye, kwanza kaa.

Tulichomoa mara arobaini, kila kifungo tukikirudisha. Vyekundu thelathini na kimoja! Mkaguzi akaacha kuandika, akanitazama. Mama, nilikiona kiti changu. Watoto nao wakaanza, "Nyekundu ina bahati!"

Mbishi akainuka, mikono kiunoni. "Bahati gani! Vyekundu ni vikubwa, vinajileta mkononi. Nafasi haziko sawa." Akafumba macho, akapapasa, akatoa vyekundu vitatu mfululizo. Yule yule wa bahati!

Mimi sikuliona hilo, wala wewe. Nikawauliza tufanyeje. Weee, kelele! Mmoja akataka koleo, mwingine kijiko. Mwishowe wakakata vikaratasi vya ukubwa mmoja, wakapaka nusu yake rangi nyekundu na kuvikunja vyote sawasawa. Safari hii vyekundu vikawa kumi na tisa, vyeupe ishirini na kimoja.

Mkaguzi akaomba ajaribu. Cheupe. Akarudisha. Cheupe. Akarudisha. Cheupe tena! Akakunja mkono wa shati, akasema, "Haya, sasa lazima kije chekundu."

Mama, darasa zima lilimrukia mzee wa watu. "Mfuko haukumbuki!" Na Mbishi akamalizia taratibu, kwa adabu zote, "Nafasi ni ile ile, Mzee. Moja kati ya mbili."

Mkaguzi alicheka mpaka miwani ikamtoka. Nimethibitishwa, Mama! Nimethibitishwa!

Mwanao

20 Machi

Mwalimu wangu,

Marahaba, na marahaba tena! Barua yako nimewasomea wateja wote, hata aliyekuja kuchukua suruali yake tu. Kuteleza si kuanguka, na safari hii tumeteleza wawili. Huyo Mbishi mwambie koti la shule nitamshonea mimi, na vifungo achague mwenyewe.

Kiti chako cha dirishani nimekirundikia vitambaa hadi juu. Ukija kunisalimia, utakalia kile cha wageni.

Mama yako