Binti wa Kaizari Haozwi

Baba,

Hapa mtaani kwetu Vårby gård, huku Ulaya, theluji imeanza kuyeyuka, na Mama amecheka. Naanza na hilo kwa sababu tangu tukuzike nilikuwa sijamsikia akicheka, na safari hii alicheka mpaka akashika mbavu.

Sababu ni wewe na Kaizari wako. Unakumbuka ulivyokuwa ukirudi kutoka shule ya jioni umejaa habari za Karoli Mkuu, yule aliyetawala sehemu kubwa ya Ulaya zamani hizo? Vita vyake hukuvijali. Ulichopenda ni nyumba yake: kwamba hakula bila wanawe mezani, kwamba safarini wavulana walipanda farasi kando yake na mabinti wakamfuata nyuma, na kwamba mabinti hao aliwapenda hata akakataa kuwaoza. Hapo ndipo ulipopata cha kunitania. Kijana yeyote akinisalimia kwenye sherehe ya Watanzania, wewe unakohoa: "Binti wa Kaizari haozwi." Nami mtu mzima, naona haya mpaka basi.

Balaa, Baba, ni kwamba uliyasema maneno hayo tena hospitalini. Mimi nilijua ni mzaha wako. Mama akauchukua kuwa wasia. Yusufu, yule fundi wa malori wa mji wa Södertälje, mtu wa Tanga, alipoleta posa, Mama akaikataa. Neno la marehemu halivunjwi, alisema. Nililia. Nikakukasirikia hata wewe uliyelala. Yusufu nampenda, na kumvunjia Mama heshima siwezi.

Jumapili Yusufu akatuma mshenga mwingine, Mzee Maganga. Yeye Mnyamwezi, sisi Wazaramo, watani unawajua, hata penye msiba mzaha wao ni ruhusa. Hodi yenyewe aliipigia ndani, akaenda moja kwa moja kukaa kwenye kiti chako, ambacho hatukuwa tumekigusa. Akasema, "Kaizari wenu kafa. Kiti changu, na koti lake nalitaka." Nikaogopa Mama atamfukuza, lakini alimimina chai. Maganga akataka kujua hao mabinti waliokatazwa kuolewa walifanya nini maisha yao yote, au walikaa tu wakisokota sufu.

Akanigeukia mimi. Nikakumbuka jambo ulilonisimulia jikoni siku moja Mama akiwa kazini, ukaniambia nisilirudie. Nisamehe, nililirudia, macho chini: baadhi yao walizaa bila ndoa, humo humo ikulu, na Kaizari akajifanya haoni.

Mama akaweka kikombe chini. "Walizaa?"

Maganga akamhakikishia kuwa walizaa.

"Kumbe! Basi huyu aolewe upesi."

Ndipo akacheka. Kicheko kikageuka kilio, na Maganga, bado yuko kitini pako, akalia naye.

Arusi ni mwezi wa sita. Baba mdogo ameandika kutoka Dar es Salaam kumpa uwakala sheikh wa hapa aniozeshe kwa niaba yake. Nitahamia Södertälje, treni ipo, si mbali.

Nakuahidi Mama hatakula peke yake siku za Jumapili. Na wanangu wakija kutaka kuondoka, nitawapa mkono, hata kama roho itaniuma.

Lala salama, Baba. Natoka nyumbani kwako mchana kweupe, kwa ruhusa, na najua ungenibebea sanduku mpaka kituoni.

Mwanao,
Mwanahawa