Fundo la Chini ya Kiti

Shemeji,

Shikamoo. Najua marehemu hasalimiwi hivyo, lakini ulipokuwa hai nilikuwa nakuamkia pale tu nilipotaka kitu, na ulikuwa unalalamika. Basi pokea hii ya bure.

Habari ya kwanza: mimi, shemeji yako Shabani, ndiye mpanda baiskeli mkali kuliko wote waliowahi kukanyaga lami ya kwenda Haneti. Sijisifu, naripoti. Siku niliyopita, upepo wa Dodoma, ule unaong'oa mabati, ulisimama kando kunipisha. Lori la mchanga liliniomba njia kwa honi, nikalinyima. Mbuzi walijipanga pembeni kama wanafunzi wanaompokea mkuu wa wilaya. Dereva wa basi alitoa kichwa dirishani akauliza, "We dogo, hiyo ina injini?" Nikamjibu, injini ni haya mapaja.

Sawa. Mbuzi nimeongeza. Upepo pia. Lakini dereva wa basi yupo, na aliuliza kweli. Ila aliuliza kama nina wazimu.

Wewe ulikuwa unaniambia hadithi zangu zina kona nyingi kuliko barabara ya mlimani, kwa hiyo leo nitajitahidi ninyooshe.

Tangu uondoke, karakana yako pale Area D ameishika kijana mmoja anayechomelea mageti, nadhani akiwa amefumba macho, maana yanafunga kama meno ya bibi yangu. Watu wanapita wanasema, "Idi angekuwepo." Mimi nasema Idi angekuwepo angekuwa amefunga karakana kaenda kuendesha baiskeli, na nyie mngekuwa mmekaa nje mnatukana. Wanacheka. Wanajua ni kweli.

Siku ya mazishi nilikutania pia, kama ilivyo haki ya shemeji. Walipokuwa wanakushusha nikasema kwa sauti, "Mwacheni alale, leo ndiyo mara ya kwanza anafika kabla yangu." Wazee wakacheka huku wanajifuta machozi kwa kanzu. Kaka yako Rajabu hakucheka. Uliwahi kumwona akicheka?

Dada Asha alikaa eda yote mle mle ndani, Nzuguni, chumba kile kile. Baiskeli yako iliegemea ukuta mkabala na kitanda. Wanawake walikuja kushinda naye, wakaondoka, wakaja wengine. Baiskeli ilibaki. Alipotoka eda akarudi kwenye chapati zake, na mimi nikahamia kumlinda, au kumalizia chapati, inategemea unamuuliza nani.

Kila asubuhi akifagia anaisogeza ile baiskeli. Kabla hajairudisha anaweka kiganja chini ya kiti, pale kwenye tairi la akiba ulilolikunja na kulifunga. Anakiacha kidogo, kama mtu anayempima mtoto homa. Halafu anaendelea kufagia.

Maana ulilifunga jioni, mbele yetu, ukisema kesho tutaenda Hombolo na utaniacha nile vumbi. Asubuhi ukakaa kitandani kuvaa viatu, ukajilaza tena kama mtu aliyekumbuka kitu, na basi. Walisema moyo. Sitaki kukaa sana hapo.

Dada aliniambia, "Baiskeli endesha, sina neno. Ila hicho usikiguse. Fundo hilo ndilo kitu cha mwisho mikono yake ilifanya." Nikakubali haraka haraka. Mimi sipati pancha, nilisema. Pancha ni za watu wazito.

Unakumbuka siku ya kwanza uliponionyesha tubula? Ulikuwa umeitoa kwenye mitumba hiyo baiskeli, nyembamba kama panzi, nami nikajifanya fundi, nikaanza kutafuta pa kuingiza bisibisi nitoe tyubu. Ukaniacha nihangaike mpaka jasho likanitoka. Ndipo ukasema, "Haitolewi, bwana mkubwa. Tyubu imeshonewa humo humo ndani. Tairi zima linagundishwa juu ya rimu, kama soli ya kiatu." Nikauliza, na ikitoboka njiani? Ukapiga kofi chini ya kiti. "Unabandua lote, unavisha jingine. Ndiyo maana halitembei bila mwenzake."

Na siku ya kugundisha! Gundi unapaka kwenye rimu, unapaka kwenye tairi, unaacha ikauke, unapaka tena, unasubiri tena. Ulisema kazi yote ni kusubiri, na ndiyo maana sitaiweza. Nikasema nitaiweza. Ukaenda msikitini, uliporudi ukanikuta nimelivisha likiwa bichi, tairi limekaa upande, mimi nimegandia kwenye kigoda na kigoda kimegandia kwenye suruali. Dada alinilisha ugali kwa mkono wake siku hiyo, vidole vyangu vilikuwa vimekuwa kimoja. Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Asha, tumepata mtoto," ulisema, "ila ana ndevu."

Halafu lile fundo. Mkanda wa mpira uliokata kwenye tyubu kuukuu, unazungusha, unapitisha, unachomeka ncha mahali fulani. Ulijaribu kunifundisha mara nyingi tu. "Linakaa mwaka mzima halilegei," ulisema, "na ukilitaka, unavuta ncha kwa mkono mmoja, limekwisha." Mimi nikasema fundo ni fundo, hata mbuzi anafungwa. Na ukaniambia lingine ambalo nililisikia kwa sikio moja: tairi la akiba lisikae limekunjwa namna moja. Kila baada ya muda ulifungue, ulijaze upepo kidogo, ulipumzishe, ulikunje upande mwingine. La sivyo gundi inashikana yenyewe kwa yenyewe na mpira unapasuka kwenye mkunjo. Ulikuwa ukifanya hivyo kila ulipokata kucha.

Baada yako nani angelifungua? Dada hakutaka. Mimi niliahidi. Tukaliacha, tukaliheshimu, tukalipitisha jua lote la kiangazi.

Sasa kaka Rajabu. Alikuja kutoka Haneti kupanga hitma ya mwaka, akaikuta baiskeli, akaitazama kama mtu anayenunua ng'ombe. Akasema mali ya ndugu yake haiwezi kuwa yangu kwa mdomo tu. "Siku ya hitma ije Haneti ikiendeshwa. Ikija juu ya gari, au imebebwa, au inasukumwa, inabaki kwangu. Nitaifunga keria, ibebe madumu ya maji." Madumu, shemeji! Zile rimu! Dada akanitazama. Nilimwona anaangalia ukuta jinsi utakavyokuwa mtupu. Nikamjibu kaka yako, "Pikeni pilau mapema, nitafika kabla ya moto kushika." Akasema, "Tutaona."

Dada na shangazi yetu walitangulia kwa basi jana yake. Mimi nikaondoka alfajiri, na hapa nitasema ukweli mtupu: niliendesha vizuri. Ungeona. Upepo ulikuwa wa mbele lakini nilijikunja kama ulivyonifundisha, mikono chini, kidevu karibu na hendeli, pumzi za kuhesabu. Mashamba ya mtama yalikuwa yameshavunwa, yamebaki mabua na kunguru. Nilikuwa nikijisimulia mwenyewe kwa sauti ya mtangazaji wa redio. "Na huyoooo Shabani..." Wachunga ng'ombe waliniitikia.

Halafu gari likanisogeza nje ya lami, kidogo tu. Mwiba wa mgunga. Nilisikia mlio ule, psss, wa mtu anayeniambia nyamaza. Tairi la nyuma likakaa chini.

Haneti nilikuwa naiona vilima vyake.

Nikakaa pembeni. Pale palikuwa na ukimya mzuri, sikudanganyi, nzi na upepo tu. Akaja kijana wa bodaboda, akasimama, akaangalia tairi, akaniangalia. "Panda, dogo. Baiskeli ibebe begani. Nakushusha kabla ya kijiji, unaingia unaendesha kwenye rimu. Nani atakuona?" Nilimjibu pikipiki yake inatoa moshi kama inapika, sitaki kufika hitmani nikinuka. Akatukana kwa upole, akaenda. Nilimtania ili aondoke haraka, kabla sijakubali.

Nikabaki na wewe. Maana ndivyo ilivyokuwa, mimi hapa, na hicho kifurushi chini ya kiti. Nikisukuma, baiskeli ni ya madumu. Nikifungua, dada amepoteza asubuhi zake. Nilikaa mpaka kivuli cha gurudumu kikahama kutoka mguu wangu. Nilikuuliza kwa sauti, Shemeji, tufanyeje? Na nikajua ungesema nini, kwa sauti ile ile ya kuchoka: "Sasa mimi nililiweka pale la nini, wewe? Pambo?"

Nikapiga magoti. Nikaliangalia fundo vizuri, mara ya kwanza tangu ulifunge. Nilisema nitalifungua polepole, hatua kwa hatua, nione linapopita, nikariri, kisha nilifunge vile vile na dada asijue kitu. Nilikuwa na mpango, unaona. Nikashika ncha, nikaivuta kidogo sana.

Likafunguka lote. Mara moja, kwa mkono mmoja, kama ulivyosema. Mkanda ukaning'inia mkononi, umenyooka, kama haujawahi kufungwa.

Sikulia. Jasho liliingia machoni.

Tairi lilikuwa limeshikana kama ulivyonionya. Nilipolikunjua, utepe wake wa nguo ukabanduka sehemu moja, na kwenye mkunjo mpira ulikuwa na nyufa kama kisigino changu. Nikabandua lililotoboka, dole gumba likachubuka. Nikaanza kwenye valvu, nikaliweka lako, nikalivuta chini pande zote mbili kwa uzito wa mwili, kile kipande cha mwisho nikakiviringisha kwa vidole gumba bila bisibisi. Bila bisibisi, shemeji! Nikalizungusha nikaona limekaa katikati, siyo upande. Nikajaza upepo kwa kuliomba radhi. Usingepata pa kunicheka.

Lakini gundi ilikuwa ya zamani, limeshika kwa huruma tu. Ungelilaza kwenye kona lingechomoka kwenye rimu. Kwa hiyo mimi, niliyeahidi kufika kabla ya moto kushika, nikaenda kama bibi aliyebeba trei ya mayai. Kila kona nilinyoosha mgongo na kushika breki. Mtoto aliyekuwa akikimbiza mduara wa waya alinipita. Akageuka akanicheka. Sikumjibu kitu, na unajua hilo kwangu ni ugonjwa.

Nikaingia Haneti ninaendesha. Watu walikuwa wameshasoma, wameshakula, wanawake wanasugua masufuria kwa majivu. Kaka Rajabu alikuwa amesimama njiani, sijui tangu lini, amekunja mikono. Akatazama magurudumu yanazunguka, akatazama miguu yangu. Nikapita mbele yake mpaka kwenye mkeka, ndipo nikashuka. Akasema, "Pilau imekwisha." Halafu akasema, "Uipaki kivulini, mpira usiungue." Basi. Ndiyo imekuwa yangu hivyo. Na sijui kama ni jua, lakini nilimwona meno.

Watoto wakanizunguka, nikaanza kuwasimulia habari ya upepo na mbuzi. Unanijua. Wakati nasimulia, dada akatoka jikoni anafuta mikono. Akaja moja kwa moja kwenye baiskeli, akapitisha kiganja chini ya kiti. Lile lililotoboka nilikuwa nimelikunja na kulifungia pale pale, kwa ule ule mkanda wako, nikalizungusha na kuchomeka nilivyodhani. Nilidhani limefanana.

Aliligusa. Akaacha mkono pale, lakini si kwa muda ule wa asubuhi. Akaniuliza, "Umekula?" Nikasema bado. Akaenda kuniletea ukoko wa pilau alionifichia chini ya sahani.

Kesho yake tulirudi Nzuguni, baiskeli juu ya basi, kaka yako ameifunga mwenyewe. Nimeshabandua tairi lako, na lile lililotoboka nimeliziba, nimelishona kwa uzi wa viatu, nimepaka gundi na nimesubiri ikauke kabla ya kulirudisha kwenye rimu. Nimesubiri, shemeji. Muulize dada. Lako ndilo liko chini ya kiti sasa, na nakuahidi hili mbele ya Mungu: kila nikikata kucha nitalifungua, nitalijaza upepo, nitalikunja upande mwingine. Dada nitamlinda, chapati nitapunguza. Karakana ya Area D nikiipata, nitaifunga mapema nikaendeshe, ili watu wakae nje watukane kama zamani. Kaburi lako Haneti tumelipalilia. Lala salama, shemeji yangu, huko usiniachie vumbi.

Nimesema mengi, na karibu yote yalikwenda vizuri. Moja ndilo halikwenda. Kila jioni nakaa mlangoni na ule mkanda, nazungusha, napitisha, nachomeka, navuta. Linaganda, au linaachia lenyewe. Fundo nimelipoteza, shemeji. Asubuhi dada anafagia, anasogeza baiskeli, na anairudisha ukutani bila kuweka mkono.