Kwa Mwalimu Uliyetufungulia Stoo Siku za Bamvua

Mwalimu wangu mkuu,

Shikamoo. Niwie radhi, nimechelewa sana kukuandikia. Tangu uondoke kila siku nasema kesho. Mara mtoto ana homa ya meno, mara bamvua, mara nimekaa na kalamu kabisa, usingizi ukanichukua nimeegemea gunia la nazi. Lakini sitakudanganya, haukuwa uchovu peke yake. Nilikuwa na hasira na wewe, na mtu mwenye hasira akiandika huandika mambo ambayo kesho atayaonea haya. Simu nilikupigia. Ukaniambia, "Mama Saumu, niko kikaoni, nitakupigia." Sijui kikao hicho kimekwisha au bado.

Barua hii sijaitia gundi. Wenzangu nimewasomea, na kijana wa bodaboda atakayekuletea akitaka kuisoma njiani na asome. Sina siri ndani yake, nina maswali tu.

Unakumbuka asubuhi ile ya kwanza ulipokuja pwani? Hata hatujakuzoea sura. Maji yamekupwa, sisi wanawake tuko huko mwambani tunachokoa pweza, kanga viunoni. Wewe umesimama mchangani, viatu umevishika mkononi, unatutazama. Mwanamke wa milimani, wa Lushoto, kwanza hiyo harufu ya pweza ilikuwa inakushinda, tulikuona unavyobana pua. Bi Kombo, mama mkwe wangu, akanong'ona, "Huyo kaja kuandika majina. Kesho tuko kwa mtendaji." Maana mwalimu mkuu aliyekutangulia ndivyo alivyofanya: watoto wakikosa shule siku za bamvua, mama zao wanaitwa ofisi ya kijiji kama wezi wa kuku.

Ukaniuliza, "Mama, Saumu wa darasa la tano ni wako? Mbona haji shule?"

Nikakujibu bila kupepesa, "Saumu yuko kwa mama yake mdogo, Usagara."

Na Saumu huyo huyo amekaa nyuma yako kwenye gogo, kampakata mdogo wake Iddi. Iddi naye, mwanaharamu yule, akachagua saa hiyo hiyo kulia. Ukageuka, ukawatazama, ukanirudia mimi. "Huyu wa Usagara mbona kafanana na wewe hivi?" Wenzangu walicheka mpaka mmoja akadondosha pweza wake. Mimi sikucheka. Nilijisemea, mtu anayekukamata na uongo kisha anakutania, huyo ana lake.

Jioni ukaja nyumbani. Tukakutandikia mkeka, ukakaa kama mtu wa nyumbani, ukakataa soda, ukaomba maji. Kisha ukauliza, "Bamvua nyingine lini?" Nikakwambia kaulize wavuvi. Ukauliza tena, polepole, kama unayemfundisha mtoto. Nikakueleza basi, kwamba mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu maji hukupwa sana, tena asubuhi, saa zile zile za shule. Siku hizo ndizo za riziki. Baba Saumu yuko dago, anavua huko mbali na analala huko huko mwezi mzima, akirudi karudi na akichelewa kachelewa. Nisipokwenda mwambani, jikoni hakuna kitu. Nikienda, Iddi nitamwacha na nani kama si dada yake? Ukatikisa kichwa. Ulipoondoka Bi Kombo akasema, "Mgeni akikupenda siku ya kwanza, muulize ana njaa ya nini."

Na shule yenyewe, Mwalimu, wewe ndiye uliyeikuta. Tulikuwa wa mwisho kata nzima, tumezoea, hata aibu ilikuwa haituingii tena. Mwalimu mmoja anaandika ubao mzima kisha anakwenda kivulini na simu yake. Mwalimu Hamza anatoka Tanga mjini kwa pikipiki, akifika jua limeshapanda. Saumu alikuwa darasa la tano na kusoma alikuwa anakisia, anatazama picha anatunga maneno.

Ulichokifanya kwanza kiliwaudhi walimu wako. Uliingia darasani ukakaa dawati la nyuma, kimya, unasikiliza. Wakakubandika jina, Kamera. Saumu akaja kunihadithia, "Mama, leo Kamera kakaa na mimi. Mwalimu alikosea hesabu, yeye hakusema kitu mpaka tulipotoka." Nikamuuliza, hakusema kitu? "Hapana. Alimwita pembeni, wakaifanya pamoja chini, kwa kijiti." Nilitaka kusikia kwamba umemfokea, ningejua wewe ni mtu wa namna gani.

Kwa Hamza nako nilikutilia shaka. Ulituita wazazi tukaezeke ile nyumba ya mwalimu iliyokuwa inavuja, ukasema anachelewa kwa sababu hana pa kulala. Watu wakanong'ona, kwa nini yeye tu, ana nini naye? Tukaezeka hata hivyo. Akahamia, na kengele ikawa inamkuta shuleni. Akawa anawaita jioni watoto wanaosoma kwa kukisia, na wewe uko nao, una chaki mkononi kama mwalimu wa kawaida.

Halafu kile kikao cha wazazi. Ukasimama ukasema ile stoo ya madawati mabovu itolewe vitu, itandikwe mikeka, na siku za bamvua mama aende mwambani, mtoto mchanga alale stoo, dada yake aingie darasani. Atakayewatazama ni Bi Kombo na mama mmoja kwa zamu. Na majaribio ya shule yote ukayahamishia maji mafu, siku ambazo hakuna anayekwenda pwani. Mwalimu mmoja akasema kwa sauti, "Sasa Mwalimu Mkuu wetu anafuata mwezi kama mganga." Watu wakaangua kicheko. Nawe ulicheka.

Bi Kombo peke yake hakucheka. Akainuka, akaweka sawa ushungi wake. "Mwalimu, yote nimesikia. Na wewe unapata nini?"

Ukasema, "Napata darasa lililojaa, bibi."

Jibu lilikuwa tamu mno. Mimi tangu utotoni nimeambiwa kitu kitamu sana kiangalie kwanza kama hakina sisimizi.

Bamvua ya kwanza nilimwacha Iddi stoo, lakini nilirudi kuchungulia dirishani kabla pweza hata mmoja sijamtoa. Iddi amelala. Bi Kombo anampepea kwa ukili wa mkeka anaousuka. Nikaenda mwambani, moyo ukanirudisha tena. Safari hii ulinikuta hapo dirishani, ukadhani nitaona haya. Ukasema, "Chungulia tu, mama, dirisha ni lako." Kisha ukanionyesha darasa la Saumu kwa kidevu. Mwanangu alikuwa amesimama, kitabu mkononi, anasoma. Sikusikia maneno. Niliona midomo yake inakwenda na macho yake hayatazami picha.

Siku moja Iddi aliugua, nikapewa dawa ya maji, usiku wa jana yake sikulala. Nimeshika chupa naikodolea tu. Saumu akaichukua mkononi mwangu. "Kijiko kimoja cha chai, mama, baada ya kula. Si kikubwa." Mimi darasa la saba nilimaliza, kusoma najua, lakini siku ile macho yalikuwa yamechoka, na mtoto wangu akawa macho yangu. Nilitaka kuja kukwambia. Sikuja. Nilisema bado, nitazame kwanza.

Mwaka ule shule ikapanda. Si ya kwanza, lakini mwisho tulitoka. Hapo ndipo magari yakaanza kuja. Wageni wenye vitambulisho shingoni wanapiga picha stoo, wanampiga picha Bi Kombo na ukili wake, wanakupa mkono. "Hongera Mwalimu, hongera." Bi Kombo akaniambia, "Haya sasa, njaa yake tutaijua." Mara tukasikia umehamishwa, umepewa shule ya mjini. Wanasema unakaa Raskazone, nyumba ina baraza kubwa na bajaji zinapita mlangoni.

Siku ya kukuaga tulikaanga sambusa. Ulilia, Mwalimu. Nami nililia, kwa hiyo sitakucheka. Lakini Bi Kombo alinishika mkono akaniambia sikioni, "Tazama vizuri. Hayo machozi ya mtu ambaye barua ya uhamisho iko mkobani tangu juzi." Neno hilo limenikaa kama mwiba wa samaki. Hulimezi, hulitoi.

Sasa nikueleze ya leo. Stoo imefungwa kufuli. Mwalimu Mkuu mpya si mtu mbaya, nisimsingizie. Anafagilisha uwanja, anavaa vizuri, anaitikia salamu. Nilimwendea na huyu mtoto wangu mpya mgongoni, maana Iddi sasa anakimbia na nafasi yake kaichukua Mwanahawa. Nikamwomba afungue. Akasema, "Mama, shule si mahali pa kulelea watoto. Mtoto wa mtu akiumia humo, nani atajibu?" Nikamwambia mbona Mwalimu aliyepita alikuwa anafungua. Akaniuliza, "Alikuachia wewe neno? Mimi hakuniachia. Nimetafuta ofisini, hakuna hata mstari mmoja kuhusu hicho chumba. Nimekabidhiwa stoo ya madawati."

Nilitoka pale sijui nimshuku nani. Yeye, kwamba anaona vibaya kufuata nyayo za mwanamke? Au wewe, uliyefanya mambo yote kwa mdomo na kwa mapenzi ya watu, kisha ukaondoka na mdomo wako? Hamza yupo, lakini amepoa. Nilimuuliza kwa nini hasemi. "Shemeji, mimi ni mwalimu tu. Meli ina nahodha." Majaribio yamerudi siku za bamvua. Bi Kombo bado anafagia kibaraza cha stoo kila asubuhi, mlango umefungwa. Nikamuuliza anafagia nini. Akasema anafagia njia.

Bamvua iliyopita Saumu alikuwa kwenye gogo lile lile, Mwanahawa mapajani. Yuko darasa la saba sasa, mtihani uko mbele. Alikuja na daftari, anasoma huku anamfukuzia mtoto nzi. Maji yakaanza kujaa, wimbi likaja, daftari likalowa. Hakulia. Alilianika juu ya mwamba akaweka kijiwe. Ndipo nilipoamua kuandika, hasira au si hasira.

Dada yangu wa Usagara ananiambia nimpeleke Saumu kwake, asome mjini. Safari hii Usagara ni ya kweli. Lakini namjua dada yangu. Ana watoto wadogo watatu, na msichana wake wa kazi ameondoka. Saumu atakwenda na begi la shule, atakabidhiwa ufagio. Simtoi.

Nimekaa nikafikiri sana kuhusu wewe, nikiwa nanyonyesha, maana ndio wakati pekee ninaokaa. Nilidhani nikikutafuta ubaya nitaupata, nipumzike. Nimepata kitu kingine. Walimu ni wale wale, watoto ni wale wale, stoo ni ile ile. Ulipokuwepo shule ilisimama, ulipoondoka inapiga magoti. Basi ulikuwa kweli. Lakini mtu akiwa kweli, kwa nini anajenga kitu kinachomtegemea yeye mwenyewe kama mti unavyotegemewa na mtango unaotambaa? Ulitufundisha kutengeneza zamu, kuezeka, kuuliza. Ungetufundisha pia namna ya kubaki nacho wewe ukiondoka.

Nakukumbuka, Mwalimu. Nakukumbuka na bado nakushuku, yote mawili yanakaa moyoni mwangu bila kugombana. Tumekubaliana kina mama: bamvua ijayo tutawapeleka wachanga shuleni, mlango uwe wazi uwe umefungwa, na Bi Kombo atakaa nao kibarazani. Mwalimu mpya ameniambia kwamba wewe ukija ukamweleza mbele ya kamati ya shule, na sisi kina mama tukakubali kujibu mtoto akiumia, atafikiri. Kufikiri si kufungua. Lakini nimemsikia, na nitamkumbusha.

Kwa hiyo haya ndiyo ninayoyahitaji, usinitumie mengine. Kanga usitume, sukari usitume. Nitumie ufunguo wa pili wa stoo, najua uliondoka nao kwenye shada lako la funguo, nilikuona. Nitumie maandishi yenye sahihi yako ya jinsi chumba kile kilivyokuwa kinaendeshwa, nani anakaa, nani wa zamu, mtoto akiugua anapelekwa wapi, ili mkuu wa leo na wa kesho wasiseme hawakukabidhiwa. Nitumie daftari jipya la Saumu la hesabu, kubwa, lile limekufa maji. Nitumie jibu moja la kweli: uliomba kuhama au ulihamishwa? Hata kama uliomba, sema. Na kile ambacho bodaboda haiwezi kukibeba, kilete mwenyewe: asubuhi yako moja. Mwezi ukiandama, maji yakikupwa. Uje na viatu mkononi.

Mimi mzazi wa mwanafunzi wako,
Mama Saumu, na Iddi, na huyu wa mgongoni